Wakwe wa Ng'ambo ya Mto Boyne

Kwenye basi la Drogheda, nchini Ireland, nyuma yangu alikaa Hazel, mama wa Kiprotestanti kutoka Portadown, akienda kuonana na wakwe Wakatoliki wa mwanawe kwa mara ya kwanza. Aliyeketi kando yake, Mzee Colm, alikuwa Mkatoliki wa Drogheda. Hawakujuana, lakini tulipoukaribia Mto Boyne walishafika kwenye vita vya Mfalme James, Mkatoliki aliyeshindwa hapo na Waprotestanti. Vina zaidi ya miaka mia tatu. Huku bado ni habari ya juzi.

"Kila Julai tunapiga ngoma kwa kuwa mlishindwa hapa," alisema mama. "Nitawatazamaje hao wakwe?"

"Kwani ulipigana wewe?"

"Baba alipiga ngoma hiyo mpaka mikono ikatoka damu."

"Basi alikuwa fundi. Kushindwa hatukatai, mama. Kinachotuuma, mfalme alituacha tukifa, akakimbilia Ufaransa."

"Mwoga mkubwa! Lakini haki ilikuwa yetu."

"Hapo tusidanganyane."

Basi likasimama. Nje, mwanawe alikuwa ameshikana mikono na mchumba wake. Mama hakuinuka.

"Mzee, nikirudi na basi hili hili?"

Colm akauchukua mkoba wa mama, akamkabidhi. "Aliyekimbia hapa mmoja anatutosha. Shuka, mama."