Mbio Mbili Tulizokosa Bugarama

Bamama na bapapa, nawasalimu. Kiongozi wa kikundi chetu aliniomba ushuhuda mfupi wa kutia moyo. Nilimjibu kwamba wangu si mfupi, na kama unatia moyo mtaamua wenyewe. Sitataja jina la mtu yeyote. Yule nitakayemsema yuko humu ndani leo, nilimuomba ruhusa, akanipa. Nina hasira, na nitaongea nayo hivyo hivyo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa na kukulia Bukavu. Baada ya mwaka ule mbaya wa mauaji huku Rwanda, mume wangu alitangulia kuja kututafutia mahali pa kukaa, akaniacha na mimba. Nilijifungua mtoto wa kike. Aliyemwosha siku ya kwanza ni jirani yangu. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Naye alikuwa Mnyarwanda, ila aliolewa na Mushi, mtu wa kabila la wenyeji wa kule, na watu wengi wa mtaa hawakujua asili yake. Tulichota maji pamoja, tulipakuliana mboga. Nilimwita dada yangu.

Vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza, vijana wenye mapanga walikuja kututafuta sisi Wanyarwanda nyumba kwa nyumba. Ilikuwa mchana na mvua ilikuwa inanyesha. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikakimbilia kwa dada yangu huyo, nikagonga, nikamwita kwa jina. Nikasikia ufunguo unazunguka. Nilishukuru Mungu, nikasukuma mlango. Alikuwa anafunga.

Nilijificha siku tatu kwenye migomba ya watu, juu ya mto. Mtoto wangu alikuwa na miezi minne. Siku ya kwanza alikohoa, siku ya pili homa ikapanda, siku ya tatu nilimzika kwa mikono yangu mwenyewe, katika shamba ambalo mpaka leo sijui ni la nani. Nilivuka daraja la Rusizi, pale mpakani, na kitambaa cha mgongoni kitupu. Mume wangu alitupokea upande huu. Nasema alitupokea kwa sababu alikuwa anatungojea wawili.

Pale darajani niliapa kwa jina la mtoto wangu kwamba yule mwanamke hatapata neno kutoka kinywani mwangu maisha yangu yote. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtoto. Sikuwa na kaburi la kupalilia wala nguo ya kutunza. Nilikuwa na kiapo tu.

Halafu vita vya pili vikaja, na nani akavuka daraja lile lile na watoto wanne? Huyo huyo. Ukoo wa baba yake ulikuwa na shamba hapa Mururu, mteremko mmoja na wetu. Nilimkuta kwenye chemchemi, ameshika ndoo. Alinisalimu. Nikageuka.

Ndugu zangu, nawaambia, kumnyima mtu neno ni kazi ngumu kuliko kulima. Ndoo yake ikinizuia njia nilimwambia mtoto wa mtu, "Muambie mwenye hii ndoo aiondoe," na mwenye ndoo amesimama pale pale. Mlinibebea ujumbe ninyi nyote. Na wengine wenu mlikuja kwangu na Biblia, mkaniambia nisamehe. Hata mmoja hakuniuliza kwanza nini kilitokea. Hilo nalo lilinikasirisha, na bado linanikasirisha. Mlitaka nisamehe haraka ili chemchemi itulie mchote maji kwa amani.

Sasa nije kwenye kriketi. Ulipofika mwaka wa nane wa kiapo changu, alikuja mwalimu wa kike aliyekulia Uganda, kijana, mwenye maneno machache. Alileta mbao mbili za kupigia, mpira mgumu mwekundu, na vijiti. Akasema anataka timu ya wanawake. Waume walicheka mpaka wakashika mbavu. Sisi tuliokuwa na hamu ya kufanya kitu kisicho jembe wala sufuria tulijitokeza kumi na mmoja, na timu inahitaji kumi na mmoja. Yule mwanamke alikuwa mmoja wetu. Sikuondoka, kwa sababu ningeondoka ningekuwa nimemwachia na hilo pia.

Kwa msiojua, kriketi ina wapigaji wawili kwa wakati mmoja. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule, wanatazamana. Mpira ukishapigwa mbali, wanapishana mbio, kila mmoja anakwenda kwenye vijiti vya mwenzake, na hiyo inahesabiwa mbio moja. Mpira ukirudi ukaangusha vijiti kabla hujafika, umetolewa. Kwa hiyo yule anayeuona mpira lazima amwite mwenzake. "Kuya," yaani njoo, au "Bakia," yaani usitoke. Usipoita, mwenzako anakwama katikati.

Mnaona tatizo langu lilipokuwa.

Mechi ya kwanza, na wasichana wa sekondari ya Kamembe, hatukukutana uwanjani. Mechi ya pili, Rwimbogo, tukakutana. Nilipiga mpira vizuri, nikaona nafasi ipo. Nikamgeukia mwamuzi, mzee wa watu, nikamwambia, "Arbitre, muambie huyu mama akimbie." Mzee akaniangalia, akamwangalia yeye, akaniangalia tena. Alipofungua mdomo vijiti vilishaanguka. Rwimbogo walicheka mpaka wakakaa chini. Ninyi chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka.

Mwalimu alinivuta pembeni. "Maman, mu kriketi hakuna wa kubeba ujumbe."

"Basi unitoe."

"Siwezi. Tuko kumi na mumoja."

Wenzangu wakajaribu kunisaidia kwa akili yetu ya hapa mlimani. Walimpanga mama mmoja mwenye sauti kubwa kando ya uwanja, atuitie sisi wawili. Mechi ya tatu alituita vizuri mpaka akaanza kumnyonyesha mtoto wake. Tulitolewa wote, mmoja baada ya mwingine. Mechi ya nne mwalimu alinipanga mimi mapema na yule mwanamke mwisho kabisa tusikutane, na tukashinda. Nilijisifu. Nikasema moyoni, umeona mtoto wangu, kiapo kipo na ushindi upo.

Mechi ya mwisho ilikuwa Bugarama, na wake wa wakulima wa mpunga na wa wafanyakazi wa simenti. Joto la kule mnalijua. Tukishinda, msimu ni wetu. Mimi nilisimama vizuri, lakini wenzangu walitolewa mmoja mmoja, nikawa natazama nani anakuja. Wa mwisho akaingia, amekunja kitenge kiunoni, ameshika ubao. Yeye. Zilibaki mbio mbili tushinde.

Nilipiga mpira kwa nguvu zangu zote. Ulipita juu yake, nyuma ya mgongo wake, ukaelekea kwenye mfereji wa mpunga. Mama aliyeukimbilia aliteleza kwenye matope. Zilikuwa mbio mbili za wazi, hata tatu. Nikaanza kukimbia, naye aliponiona akaanza. Hakuuona mpira. Mimi ndiye niliyepaswa kumwita.

Alikuwa anakuja mbele yangu uso kwa uso. Miaka minane sikuwahi kumtazama usoni. Alikuwa amezeeka. Mdomo wangu ukafunguka, na niwaambie ukweli, nilitaka kusema "Kuya." Haikutoka hiyo.

"Juu ya nini ulinifungia mulango?"

Akasimama. Nami nikasimama. Katikati ya uwanja wa watu, wenzetu wanapiga kelele tukimbie, mpira unarudi.

"Nilikuwa na funguo mu mukono," akasema. "Nilikusikia unaniita. Nilisikia na mutoto analia. Niliogopa bataniona na miye, njo nikafunga. Bwana yangu hakukuwako. Hakuna muntu alinilazimisha."

Vijiti vikaanguka. Tukashindwa. Mimi sikujali vijiti. Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia kanisani, nikamtukana mpaka sauti ikaisha, na hakusogea hata hatua moja. Alisimama juani akayapokea yote. Bamama wa Bugarama ndio waliokuja na maji wakatushika mikono, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

Kwenye lori la kurudi wenzangu walinipa mgongo. Walikuwa na haki. Nilikuwa nimewakosesha msimu mzima. Lakini mimi kilichonichoma ni kiapo. Niliona nimemsaliti mtoto wangu, nimevunja kitu cha pekee nilichokuwa nimempa.

Baada ya siku mbili akaja kwetu, asubuhi. Mnajua desturi yetu, mtu akija kuomba radhi anabeba pombe ya ndizi. Yeye alikuja mikono mitupu. Mume wangu alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Akamuuliza pombe iko wapi.

"Sikuleta, Papa. Hiki kintu hakina pombe yake."

Akakaa chini, kwenye udongo. Mume wangu akaweka jembe pembeni. Alimuuliza jambo ambalo miaka minane hakuwahi kuniuliza mimi, kwa kunihurumia.

"Mutoto wangu alikuwa anafanana je?"

Nilitaka kujibu mimi, mama yake. Nikashindwa. Kila nikimtafuta nilikuwa naona zile siku tatu za migomba tu, uso wa homa. Akajibu yeye.

"Alikuwa na kipaji cha uso cha kwako, Papa. Na nyuma ya sikio la kushoto, alama kidogo nyeusi. Siku ya kumuosha nilizani ni buchafu, nikaisugua, akalia sana."

Nilikuwa nimeisahau ile alama. Mume wangu alilia, mara ya kwanza mbele yangu. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Mlima huu mzima ni watu wawili tu waliowahi kumwona mtoto wangu, na mmoja nilikuwa nimemkataza kusema.

Kwa hiyo namshukuru mwalimu aliyekataa kunitoa. Nawashukuru wenzetu tisa, walionuna wiki nzima kisha wakaja kunichukua mazoezini. Nawashukuru bamama wa Bugarama kwa maji yale. Kwenu ninyi mliokuja na Biblia, somo langu ni hili: mwenye hasira muulizeni kwanza. Na wewe mwenye hasira, ipeleke kwa mwenyewe. Mimi niliipeleka kwa watoto wa chemchemi, kwa waamuzi, kwa mume wangu, kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Hapana, bado. Uwanjani namwita "Kuya" naye anakuja, nyumbani hatunywi chai pamoja. Lakini juzi nilishuka mpaka kwake. Nilimuuliza nilikuwa namwimbia mtoto wangu wimbo gani wa kumlaza, kwa sababu umenipotea, na kupitia zile mbao za ukuta wetu alikuwa anausikia kila siku. Hakuniuliza kwa nini nataka kujua. Aliweka chini maharage aliyokuwa anachambua, akaniimbia.