Mzee Mjaka Nyange na Safu Yake ya Ijumaa

Ifikapo Jumamosi tarehe 31 Machi 1962, Mzee Mjaka Nyange atakuwa ameitumikia mahakama yetu hapa Chake Chake kwa miaka ishirini na saba, na siku hiyo ndiyo atakayostaafu. Kwa anayekaa kitini, muda huo ni mrefu. Kwa anayepanda baiskeli ya serikali ni mrefu zaidi, maana ile aliyopewa yeye haijapata kuwa na breki mbili nzima kwa wakati mmoja.

Alitoka Makangale mwaka 1935 kuja kuwa tarishi wa kupeleka samansi. Hiyo ni kazi isiyo na marafiki. Watu wakimwona tarishi kwa mbali hukumbuka ghafla kwamba wana safari ya Wete. Mzee Mjaka alikuwa akifika huamkia, huuliza hali ya watoto, ya mihogo na ya mbuzi mmoja mmoja, hupokea maji akanywa taratibu, na karatasi ikatoka mwisho kabisa, wakati mwenyeji ameshaona haya kukimbia. Kwa miaka kumi na sita hakurudi na samansi hata moja mkononi.

Mwaka 1951 akafanywa mwangalizi wa watu ambao mahakama haikuwafunga bali iliwaachia kwa sharti. Wengi wao makosa yao yalianzia kwenye tembo la mnazi yakaishia kwenye kichwa cha mtu mwingine. Nafasi hiyo ilitangazwa mara mbili. Mara ya kwanza hakuomba mtu. Mara ya pili Mzee Mjaka alikuwa njiani na samansi zake, na aliporudi akakuta keshateuliwa.

Mwanzoni alikosea, na kosa hilo hulisimulia mwenyewe bila kuombwa. Alikuwa akiwaendea watu wake alasiri, saa ambayo vibuyu vimeshashuka minazini, na kuwapa nasaha. Siku moja huko Wesha alimpa mtu nasaha kwa saa nzima, kwa aya na kwa mifano, hata yule bwana akalia. Alipokwisha kulia akasema, "Ami, maneno yako matamu mno. Njoo kesho asubuhi uniambie tena, maana sasa hivi n'mekunywa." Tangu siku hiyo ziara zake zikawa za asubuhi, na tembo halitaji yeye kwanza. Husubiri mnywaji mwenyewe alitaje.

Kosa la pili ndilo lililomjengea jina. Sharti lilikuwa kila aliyeachiwa afike ofisini mara moja kwa wiki atie dole gumba kwenye daftari. Mzee Mjaka akachagua Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa wote huja mjini siku hiyo. Hakufikiri kwamba baraza ya ofisi inatazamana na njia, na mji mzima ungewaona wamejipanga. Ijumaa ya kwanza walikaa sita, wameinamisha vichwa kama waliofiwa. Kwa kuwaonea huruma, akamwita Jaribu muuza kahawa awamiminie.

Sasa, Mpemba akiona watu wamekaa safu na kahawa inapita, haulizi kuna nini. Hukaa. Ijumaa ya pili walikuwa kumi na mmoja. Ya tano walikuwa ishirini na watatu, na mmoja wao, shehe mzima wa chuo cha Kurani, alinyoosha dole gumba lake litiwe wino, akidhani ndiyo ada ya mahali pale. Mji ukawa haujui tena nani ana kesi na nani ana kiu. Vichwa vikainuka. Ofisi ilipomwagiza Mzee Mjaka awaondoe wasiohusika, alijibu kwa heshima kwamba yuko tayari, akionyeshwa ni akina nani. Na katika miaka hii yetu, ambapo watu hawanunui chumvi dukani kwa asiye wa chama chao, safu ile wamekaa humo bega kwa bega watu ambao njiani hawapeani salamu.

Hapa hatuna budi kumtaja Matano Duni wa Vitongoji, ambaye ametupa ruhusa, tena ametuhimiza.

Matano alikuwa mgema, na tembo alilogema hakuliuza lote. Mwaka 1958 alimpiga sheha, mkuu wa mtaa wao, kwa kibuyu. Kibuyu kilikuwa kitupu, na hakimu alisema utupu wake ndio ushahidi wa kesi nzima. Akaachiwa kwa sharti la miezi kumi na miwili: asinywe, na asikose Ijumaa hata moja. Akivunja lolote, jela miezi sita. Mkewe, Mwanawema, alikwisha kurudi kwa babake na wanawe wawili. Naye alikuwa na sharti lake, fupi kuliko la hakimu: "Akiingia jela, mie n'naingia kwa kadhi."

Miezi minane Matano alishika. Aliacha kugema akawa mkwezi, akiangua nazi za watu. Mwezi wa tisa, Ijumaa moja, safu ikakaa, daftari likafunguliwa, Matano hayupo. Mtu wa Vitongoji akasema amemwona tangu asubuhi yuko juu ya mnazi wa binamu yake aitwaye Mmanga, na hashuki.

Anayewajua wagema ataelewa. Karara, lile ua la mnazi linalotoa tembo, lisipokatwa ncha asubuhi na jioni hukauka, na mgema akiugua mwenzake humpandia. Kukataa ni kama kukataa kubeba jeneza. Mmanga alikuwa kalala na homa, akamwita Matano, na Matano akapanda kwa nia safi. Kisha akakikuta kibuyu kimejaa.

Mzee Mjaka alifunga daftari, akalitia kwapani pamoja na kidau cha wino, akawaambia waliokaa, "Kahawa ya leo iko Vitongoji." Akapanda baiskeli.

Alimkuta Matano amelikumbatia shina kule juu. "Shuka, mwanangu." "Sishuki, ami. N'kishuka nacho n'takinywa." "Basi kiteremshe kwa kamba." "N'kikiteremsha kitakaa hapo chini kunisubiri." "Kimwage." "Cha watu, ami! Mgonjwa yule hana kingine cha kuuza." Kila jawabu lilikuwa na akili, ndiyo maana jambo lilikuwa gumu. Mzee Mjaka akaketi chini ya mnazi, akauliza hali ya mihogo.

Kabla ya jua kuzama safu ikawasili. Wengine kwa baiskeli, wengi kwa miguu, na Jaribu mbele na dele lake la kahawa, akilalamika kwamba makaa yamezimika mara mbili. Watu kumi na tisa, wenye kesi na wenye kiu. Bila kuambiwa walijipanga kati ya mnazi na njia. Kibuyu kikateremka kwa kamba, kikapita mkono kwa mkono nyuma ya migongo yao hadi kwa mke wa Mmanga, naye akaondoka nacho bila kugeuka. Ndipo Matano akashuka. Jaribu akampa kikombe, akasema, "Kunywa, yakhe. Na we' nawe, hata kahawa wataka ikufuate!" Matano alikunywa saba. Dole likatiwa wino, siku ikiwa bado Ijumaa. Wanaojua kupanda wakagawana minazi ya Mmanga hadi alipopona, na Matano hakuwekwa kwenye zamu.

Jumatatu maneno yalikuwa yamemfikia hakimu: mwangalizi anafungua daftari la mahakama penye tembo. Mzee Mjaka aliitwa, na Matano aliitwa. Mwanawema naye alikuja, akasimama mlangoni. Hakimu alisoma kilichoandikwa, na Mzee Mjaka hakuwa ameficha kitu: *Amehudhuria. Vitongoji, juu ya mnazi.* Hakimu akauliza kama mtu huyo alikuwa amelewa. "Hapana, Bwana," akajibu Mzee Mjaka. "Angelewa angekuwa ameshuka." Hakimu akachovya kalamu. Kisha akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Imeonekana," akaita kesi nyingine.

Si wote waliosalimika. Kati ya watu mia moja na arubaini na watatu aliowaangalia, thelathini na wanane walirudi kizimbani. Hao Mzee Mjaka aliwafuata jela kila mwezi, na hakuwahi kuwaambia "sikukwambia?" Maneno hayo, asema, kila mlevi anayo nyumbani bure.

Matano alimaliza miezi yake mwaka 1959. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, akaambiwa hana wajibu. "N'najua," akasema, akakaa.

Tumeomba chakula cha sherehe hii ya kumuaga kipikwe na Mwanawema, naye amekubali kabla hatujamaliza kuomba. Tulipomuuliza angependa tumwandikie neno gani Mzee Mjaka, alifikiri huku akikuna nazi, kisha akasema tusiandike mengi: "Mwandikieni tu kuwa mume wangu hurudi nyumbani, chakula hakijapoa."

Tumeandika. Mzee Mjaka, ahsante kwa miaka yote, na samahani kwa baiskeli. Nenda Makangale kwa salama, Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na majirani wenye haya. Maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyowatengenezea wengine.