Mize Masoud, Bega Lililobeba Spika Yetu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mize Masoud atakabidhi funguo za ofisi na kustaafu, baada ya kukitumikia Kituo cha Pamoja, hapa Fairfield, Sydney, kwa miaka ishirini na minne. Kwa cheo ni mratibu wa haki za wafanyakazi. Kwa vitendo ni mtu ambaye meneja wa ghala akiambiwa yuko mapokezi, hukumbuka ghafla kwamba ana mkutano kwingine.

Alizaliwa Ngamiani, Tanga, akaja Sydney mwanzoni mwa miaka ya themanini kusomea uhasibu. Uhasibu haukumpata. Iliyompata ni panki: magitaa yanayonguruma, ngoma zinazokimbizana, na mwimbaji anayefoka. Bendi yake iliitwa Wasiotunzwa, na katika baa za mjini ni kweli hawakutunzwa, ila labda kwa makopo matupu ya bia waliyorushiwa. Mize, soda yake mkononi, alipanda jukwaani amevaa buti za jeshi na kanga aliyotumiwa na mama yake, yenye maandishi: Mdomo wangu sikuazima kwako. Mama aliamini binti yake anaimba harusini.

Wapo wanaosema panki ni kelele za vijana wa Kizungu waliokosa kazi. Hao hawajawahi kukaa kwenye taarabu Tanga, mwanamke akainuka na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji huku amemkazia macho jirani yake, na ukumbi mzima ukajua nani kasemwa. Mize hakuiga ya watu. Alichukua mipasho ya nyumbani akaitia umeme.

Jukwaa aliliacha kwa sababu ya Irambona, mama wa Kirundi aliyefanya kazi kiwandani Lidcombe. Wasiotunzwa walikwenda kuwapigia wafanyakazi waliogoma. Muziki ulipokwisha, Irambona alimfuata akamwambia: "Dada, umeimba vizuri. Kesho nani atanisindikiza kwa meneja?" Kesho yake Mize alimsindikiza. Kwenye jukwaa la baa hajarudi tangu siku hiyo.

Lakini mwanaharakati hazaliwi amekamilika, na Bi Mize mwenyewe hapendi kusifiwa kwa uongo. Kwa hiyo tuseme habari ya Elvire.

Elvire, mwenzetu kutoka Uvira, alikuwa mlezi katika nyumba moja ya wazee. Mle ndani alikuwamo mzee Masumbuko, ambaye maradhi yalimnyang'anya Kiingereza, yakamnyang'anya na Kifaransa, yakamwachia Kiswahili peke yake. Elvire akimlisha na kuzungumza naye. Msimamizi akasema kazini ni Kiingereza tu. Elvire alipoendelea, akaambiwa abaki nyumbani, akisubiri kufukuzwa. Taasisi hizi hizi, siku ya maonyesho ya vyakula, hupiga picha na vitenge vyetu na kula sambusa zetu. Wanapenda kila kitu chetu kinachoingia mdomoni mwao, si kinachotoka mdomoni mwetu.

Mize aliwaka. Aliwakusanya Wasiotunzwa, wazee wenye mvi, mpiga ngoma akiwa na nyonga ya bandia, wakapiga panki Jumapili nzima nje ya geti. Waandishi wa habari walikuja. Kesho yake gazetini ilikuwapo picha kubwa ya Mize na kanga yake. Jina la Elvire halikuwapo.

Elvire alikuja ofisini, akasimama mlangoni. "Mama Mize, aksanti kwa kelele. Wao walinikataza kusema, na wewe ukanifunika na gitaa."

Bi Mize, ambaye hajui kunong'ona na ambaye siri za ofisi hii amezifikisha hadi stesheni ya treni, alimvutia kiti, akamwuliza kwa sauti ndogo: "Wewe ungesema nini?"

Jumapili iliyofuata gitaa lilibaki nyumbani. Mize alibeba spika ya ofisi begani, ile nzito yenye mkanda wa kubebea, na maikrofoni akampa Elvire. Elvire hakuhutubia. Alilitazama dirisha la mzee Masumbuko, akasema yale yale aliyokatazwa: "Mzee, umeamkaje? Umekula?"

Dirisha likafunguka. "Nimekula! Lakini chai ya hawa watu ni maji ya kuoshea vikombe!"

Walezi waliokuwa kazini walicheka, wazee wasiojua neno la Kiswahili wakapunga mikono, na mbele ya kamera za waandishi waliorudi, amri ile ikaonekana ilivyokuwa ya kipuuzi. Juma hilo hilo ilifutwa, Elvire akarudi kazini. Mzee Masumbuko alifariki mwaka uliofuata, akiwa na mtu wa kumjibu.

Tangu hapo, maghalani, mbele ya mabaraza, kokote, Bi Mize amebeba spika, na mwenye shida ndiye aliyeshika maikrofoni. Wanasiasa wetu wanaojiita sauti ya wanyonge wangejifunza hapo. Mnyonge ana sauti yake. Anachokosa ni bega.

Ahsante, Bi Mize, kwa bega hilo, na kwa chai yako ya tangawizi inayowasha kuliko hotuba. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi, na majirani wavumilivu.

Tumesikia umekataa kuimba kwenye sherehe ya kukuaga Jumamosi, eti koo limechakaa. Umechelewa. Elvire ameshaichukua spika, iko kwenye gari lake, na anasema haimtoki begani siku hiyo. Maikrofoni ni yako. Njoo na kanga.