Maisha ya Fundi Sikio, Aliyesikiliza Mabawa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi wa mapipa ya maji. Hakuwa ametimiza miaka saba alipoanza kugonga mapipa kwa vifundo vya vidole na kutaja lililojaa, la nusu na lenye kutu ndani. Baba yake alimwambia, "Mwanangu, chombo hakidanganyi. Kigonge, kisha wewe nyamaza."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, akasoma chuo cha ufundi miaka miwili. Darasa liliishia hapo. Tarehe 2 Septemba 1991 chuo kikuu kilimwajiri kufagia karakana ya uhandisi, mwaka uleule kilipoanza kufundisha uundaji wa ndege. Mhadhiri alimkuta akigonga kipande cha bawa kwa mpini wa ufagio. "Hapa pameachana, Mwalimu." Walipokikata, tabaka mbili zilikuwa zimeachana, upana wa ukucha. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha wanafunzi kugonga mabawa kwa nyundo ndogo kama kijiko. Palipo pazima hulia. Palipoachana hujibu kwa sauti butu, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Kiwanda cha ndege kilipofunguliwa nje ya mji, kilileta vipande vyake karakanani kupimwa, na kikaajiri waliofunzwa pale. Mhandisi mkuu alizoea kuwatania wageni: "Sisi tuna digrii, yeye ana sikio." Watafiti wa chuo walirekodi nyundo yake miaka sita, wakaunda mashine ya kusikiliza mabawa. Hakuionea wivu. "Mwanafunzi mzuri," alisema, "ila hajawahi kuogopa."

Alifunga ndoa tarehe 11 Juni 1994. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, aligonga ukuta wa sebule. "Mama, hapa msikae."

Mama mkwe akacheka. "Tumeletewa mkwe au mganga?"

Siku ya tatu lipu ilianguka juu ya kiti chake, kikiwa kitupu. Mama huyo hakucheka tena mkwewe alipogonga kitu.

Walijaliwa watoto wawili. Binti alisomea uhandisi katika karakana ileile, akaajiriwa na kiwanda, na ndiye aliyechaguliwa kukaa na rubani siku ndege ya kwanza ya kiwanda itakaporuka. Tangu hapo mama yake hakupata usingizi. Mumewe alimtuliza: "Bawa la ndege hiyo nitaligonga mwenyewe."

Januari mwaka huu, akiwa mezani, alijigonga kifuani, akanyamaza. "Mama Watoto," alisema, "hapa pameachana." Hospitali ilihitaji wiki tatu kuona ugonjwa kwenye pafu, palepale alipogonga. Alilazwa tarehe 3 Mei, bawa likiwa bado halijakamilika.

Alifariki tarehe 19 Mei, saa kumi na dakika kumi alasiri, kwa mujibu wa daftari la muuguzi. Saa kumi na robo simu yake ililia. Ni binti, kutoka karakanani. Mashine ilikuwa imelipitisha bawa, naye alitaka baba alisikie kabla hajatia saini. Mama alishindwa kumwambia. Aliiweka simu sikioni mwa mumewe, kama walivyozoea siku zote za hospitali.

Nyundo ikasikika chumbani: ngo, ngo, ngo. Muuguzi alisimama, shuka mkononi. Hakuna aliyefungua mdomo. Nyundo ikasita, ikarudi, ikagonga mara moja. Sauti butu.

"Nimepaona, baba," binti akasema. "Asante."

Baadaye alieleza kuwa baba alimwambia, "Rudi nyuma kidole kimoja." Mama na muuguzi hawakusikia neno. Kesho yake bawa lilikatwa. Tabaka zilikuwa zimeachana, upana wa kiganja. Ndege haijaruka.

Ameacha mjane, binti mhandisi, mwana wa kiume aliye mwaka wa pili chuoni, dada mmoja, na wanafunzi waliosambaa kiwandani kote. Kabla jeneza halijashushwa, binti atagonga kifuniko mara tatu kwa nyundo ya baba yake, kama marehemu alivyoagiza. Mama yake anawaomba nyote mnyamaze. Na atakayesikia lolote asimfiche, kwani bawa jipya linaundwa, na binti bado ndiye atakayepanda.

Apumzike kwa amani, na sikio lake libaki macho.