Bi. Jentrix Wamalwa na Kibanda cha Mwisho

Tarehe 31 Desemba 2025, Bi. Jentrix Nafula Wamalwa, Msimamizi wa Vibanda katika kampuni yetu ya Chania Burudani, atastaafu baada ya kuitumikia miaka ishirini na nne kasoro wiki mbili. Tulimwomba akae azimalize hizo wiki mbili. Amekataa katakata.

Kwa wageni wasiomjua, yeye ndiye yule mama mfupi mwenye gambuti nyekundu za mpira ambaye kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba huzunguka Tamasha la Chania, nje kidogo ya mji wa Thika, akifunua masufuria ya watu bila kuomba ruhusa. Anayeandika ni Ndung'u wa jukwaa na sauti. Kamati ya sherehe ilitaka mtu anayemfahamu kwa karibu, na hakuna aliyegombana na Bi. Jentrix kwa muda mrefu kumshinda Ndung'u. Basi kazi ikamwangukia.

Bi. Jentrix alizaliwa Kimilili, akaja Thika akiwa msichana kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, Eneo la Viwanda. Wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 2000 alihamia Gitothua, hapa Ruiru, akaanza kuuza chapati na ndengu kando ya barabara. Mwaka uliofuata akasikia kuna tamasha la muziki, akaomba nafasi ya kuuza chakula. Alipewa kibanda cha mwisho, nyuma ya vyoo, mahali ambapo hata mbwa wa uwanjani hawakufika. Aliazima masufuria matatu kwa majirani, akapika chapati mia tatu. Siku nzima alisikia muziki vizuri sana, lakini wateja hawakumwona. Alirudi Gitothua na chapati mia mbili na sitini. Ploti nzima ya wapangaji ilikula chapati asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakaanza kulilia ugali.

Mtu mwingine angekaa nyumbani na uchungu wake. Bi. Jentrix alikuja ofisini Jumatatu na sufuria moja kichwani, akaitua juu ya meza ya mwanzilishi wetu, Mzee Ngigi, akaifunua. Alimweleza kwamba mwenye kuuza kofia akikosa wateja huzirudisha dukani zikangoja mwaka ujao, lakini aliyepika hana mwaka ujao. Chakula chake ni cha leo. Akamwambia pia kwamba mtu anayechora ramani ya vibanda bila kujua nani atakaa mwisho hana haki ya kuishika kalamu. Mzee Ngigi alikula chapati mbili akiwaza, kisha akamgeukia karani wake. "Huyu mama mpeni kazi. Akitoka hapa na hii hasira, mwaka ujao atatuanzishia tamasha lake."

Alianza tarehe 14 Januari 2002. Siku ya kwanza alijiwekea sharti moja, akaliandika kwa kalamu ya wino mwekundu ndani ya daftari lake: hakuna atakayerudi nyumbani na sufuria iliyojaa. Kila alichofanya tangu siku hiyo kilitokana na sentensi hiyo.

Wengi hudhani tamasha ni muziki. Sisi wa jukwaani ndio tulioeneza uvumi huo. Ukweli ni kwamba mtu atavumilia mwanamuziki aliyechelewa saa mbili, lakini hatavumilia njaa ya saa moja. Mfanyabiashara wa tamasha naye ana siku moja tu. Akose maji ya kuoshea vyombo, au afisa wa afya amkute bila cheti, au mtandao wa simu ulemewe na umati hata mteja mwenye pesa ashindwe kulipa, au mvua inyeshe saa nane, basi maandalizi ya miezi miwili yameenda. Bi. Jentrix aliyajua hayo yote kwa kuwa yalimpata yeye kwanza. Alileta lori la maji. Alianzisha tiketi za chakula zinazouzwa langoni, mapema, kabla simu hazijagoma. Alikuja hapa akakuta vibanda ishirini na viwili, anatuachia arobaini na vinane.

Si kwamba hakukosea. Mwaka 2006 alipanga wachoma nyama wote katika mstari mmoja, safi kabisa, akajivunia mstari ule kuliko kitu chochote. Hakuuliza upepo unatoka wapi. Ilipofika saa nane moshi wa mbuzi kumi na wawili ukaingia jukwaani, na mwimbaji wetu mkuu wa benga akaimba ubeti mmoja, akakohoa beti tatu. Watu walidhani ni mtindo mpya, wakaanza kukohoa pamoja naye. Tangu hapo, siku moja kabla ya kila tamasha, jua likiwa bado changa, Bi. Jentrix huwasha jiko katikati ya uwanja, hutia majani mabichi juu ya makaa, kisha hutembea nyuma ya moshi akipiga vigingi vya alama. Wafanyakazi wapya humcheka. Wakishamaliza kucheka huambiwa wabebe vigingi.

Kosa la mwaka 2007 halikuwa lake. Muuza chipsi mmoja, kwa haraka zake, alichomeka kikaangio chake cha umeme kwenye jenereta la jukwaa. Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo. Ndung'u, ambaye siku hizo alikuwa na nywele na hasira, alifuata waya mpaka kibandani, akaukata kwa koleo mbele ya wateja. Chipsi zikabaki mbichi ndani ya mafuta, na mwenyewe akabaki ameshika karai. Bi. Jentrix alifika akiwa mbio, akamtazama Ndung'u kutoka utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Wewe kwako ni wimbo mmoja. Kwake ni Krismasi." Mwaka uliofuata wafanyabiashara walikuwa na jenereta lao wenyewe. Alilipigania kwenye mikutano minne, na hajawahi kutajwa kwa hilo popote. Leo tunamtaja.

Lakini Ndung'u hakusamehewa, au ndivyo alivyoamini. Siku ya tamasha kila fundi hupewa kikaratasi cha chakula cha mchana, kimeandikwa kwa mkono wa Bi. Jentrix namba ya kibanda atakachokula. Saa chache baada ya kisa cha waya, kikaratasi cha Ndung'u kilikuja kimeandikwa kibanda cha mwisho kabisa, mwendo wa karibu nusu kilomita kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata, kibanda cha mwisho. Uliofuata tena, cha mwisho. Vijana wake wa nyaya walikula hapo hapo kando ya jukwaa, naye mkubwa wao anavuka uwanja mzima akiruka mitaro. Alilalamika kwa Mzee Ngigi. Alilalamika kwa idara ya wafanyakazi kwa barua. Mwisho alijua kulalamika mahali pamoja tu palipomtuliza roho: akirudi jukwaani, ameshiba na amechoka, anajaribu maikrofoni, na umati wote unamsikia. "Testing, testing. Huyo mama wa kibanda cha mwisho, supu tamu hivyo unaificha huko mbali kwa nini? Nimetembea mpaka soli imeisha!" Watu walicheka sana. Ikawa kama sehemu ya ratiba.

Mwaka 2018 mvua ilitunyeshea kuanzia alfajiri. Kibanda cha mwisho kilikuwa cha Ndanu, mama wa Ngoliba, mara yake ya kwanza kuja. Kule kwao mahindi yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo. Alikuwa amechinja mbuzi wake wawili wa mwisho, akaja na masufuria manne ya supu na mawili ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na alimwambia Bi. Jentrix waziwazi kwamba hivyo vitu visipouzwa hana tena cha kurudia Ngoliba. Kufika saa saba, njia ya kwenda kwake ilikuwa matope matupu. Watu walikusanyika kwenye vibanda vya karibu na jukwaa, chini ya turubai. Bi. Jentrix alipita, akafunua sufuria ya kwanza ya Ndanu. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Akafunua ya pili. Hatukumwona akilia, lakini alizifunika polepole sana.

Dakika kumi baadaye vikaratasi vilifika jukwaani. Safari hii si Ndung'u peke yake. Mafundi wote kumi na wawili, wapiga ngoma, na hata yule mwimbaji mkuu wa kikohozi, wote waliandikiwa kibanda cha mwisho. Tulitukana, tukiri tu. Tulikwenda kwa mstari na majaketi yetu ya manjano, tukishikana mabega, na mpiga gita wetu Odongo aliacha kiatu kimoja ndani ya matope, kiko huko hadi leo. Tulikula. Wallahi tulikula. Tuliporudi, Ndung'u alishika maikrofoni akiwa na matope hadi magotini na kusema yaliyokuwa moyoni kuhusu umbali, kuhusu viatu, na kuhusu supu ile, kwamba ni dhambi kuipeleka mahali ambapo binadamu hafiki bila trekta. Aliongea dakika tano. Saa kumi jioni Bi. Jentrix alimkuta Ndanu akikwangua sufuria ya mwisho kwa mwiko, na foleni bado imesimama kwenye mvua. Leo Ndanu ana hoteli yake ndogo Ngoliba, na kila Desemba bado huja kwetu.

Wiki mbili zilizopita Bi. Jentrix alimkabidhi kazi Maluki, ambaye wengi mnamfahamu kutoka ghala. Alimpa gambuti, jiko la moshi, na lile daftari. Ndung'u aliomba kuliazima ili achukue tarehe za wasifu huu zisikosewe. Tarehe alizipata. Kwenye ukurasa wa mwisho alipata pia maagizo kwa Maluki, kwa wino mwekundu. Tunayanakili yalivyo: "Kibanda cha mwisho kiko kila mwaka, huwezi kukifuta kwenye ramani. Mpelekee Ndung'u. Yeye akila kitu kitamu hawezi kunyamaza, na ana maikrofoni. Akiambiwa asifu, hatasifu. Mwache alalamike. Usimwambie sababu, ataharibu."

Hapa naomba niache kujiita Ndung'u na niseme mimi. Nilikaa na hilo daftari ndani ya gari langu pale maegesho ya ofisi muda mrefu. Tamasha kumi na nane, ukiondoa mwaka wa korona. Nilidhani naadhibiwa kwa waya mmoja, kumbe nilikuwa tangazo. Nikapitia kurasa za nyuma. Kila mwaka ameandika jina la aliyepata kibanda cha mwisho, na mbele yake, kuhusu sufuria zake, neno moja: tupu. Muuza mutura, zile soseji za utumbo, wa Juja, tupu. Bibi wa ndizi za kuchoma, tupu. Ndanu, tupu, na hapo amepiga mstari mara mbili. Mstari wa juu kabisa, Desemba 2001, hauna neno. Umeandikwa tu: Jentrix, chapati 260. Niliona haya kwa barua niliyoiandikia idara ya wafanyakazi. Nilicheka pia, kwa sauti, na mlinzi Zacharia akaja kuuliza kama niko sawa.

Bi. Jentrix, ulikosea jambo moja. Umeandika kwamba nikijua nitaharibu. Nimeshajua, na ninamwomba Maluki mbele ya wote hawa aendelee kuniandikia namba ile ile. Nitatembea. Nitalalamika kwa nguvu kuliko zamani, na sasa ninajua ninalalamika kwa ajili ya nani. Wewe hukutufundisha biashara kwa semina. Ulitufundisha kwa kutufanya tutembee hadi kwa yule ambaye hakuna aliyemfikia. Kwa niaba ya kampuni, ya wafanyabiashara wote, na ya mafundi waliokuchukia kila saa saba mchana, asante sana, mama.

Tangazo la mwisho kabla ya hotuba. Chakula cha leo kimepikwa na Ndanu, kwa heshima ya Bi. Jentrix. Hakiko hapa mbele. Kiko kwenye hema la mwisho kabisa, nyuma ya ghala, kupita tangi la maji. Ni mbali, na mvua ya jana imeacha matope. Nimeshaenda kuonja na viatu vyangu mnaviona vilivyo. Ile supu haifai kufichwa kule.

Bi. Jentrix, nenda salama Gitothua, upumzike vizuri na wajukuu, na upike chapati unazotaka. Tunakuombea afya, amani, na wageni wengi mlangoni. Na kila sufuria utakayoibandika jikoni, iwe kubwa namna gani, tunakutakia uikute tupu.