Tarehe Aliyoiacha Wazi Nakaale Erupe

Hapana, zile shilingi elfu themanini Nakaale Erupe hakuzikosa kwa kiburi, kama mmoja wenu alivyosema jana hapa hapa matangani Kanamkemer, na kwa kuwa familia hii haipendi maneno ya pembeni, leo tutayamaliza mbele ya watu.

Marehemu alizaliwa Lokitaung, mtoto wa tatu wa Mzee Erupe na Mama Apua, tarehe hatuijui. Kitambulisho kinasema Januari mosi 1987, naye alikuwa akicheka kwamba nusu ya Turkana ilizaliwa asubuhi hiyo moja, kwa hiyo kwenye karatasi hii tumeacha pengo, la sivyo angetugombeza.

Alimaliza darasa la nane mwaka 2002, karo ikakosekana, akajifundisha kompyuta mwenyewe katika saiba, duka la intaneti, ya Lodwar aliyokuwa akifagia, na tarehe 14 Desemba 2013 akafunga ndoa Kakuma na Didace, fundi wa sola kutoka Burundi, wakajaliwa Estelle na Christian.

Mwaka 2021 mkandarasi mmoja alimletea data za chanjo za Kakuma katika JSON, maandishi ya kompyuta yanayowekwa moja ndani ya jingine, kaya ndani yake mama, mama ndani yake watoto, mtoto ndani yake chanjo, azipange kwenye programu kila kipande na aina yake, namba iwe namba, tarehe iwe tarehe, na kila mtoto akae kwao. Watoto mia mbili na kumi na wawili hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mkandarasi akataka wote wajazwe Januari mosi ya mwaka wao, programu iache kulalamika, zile elfu themanini zilipwe. Nakaale akamwambia, "Kaka, siku usiyoijua usiizushe, iache wazi tumuulize mama yake."

Kazi akanyang'anywa. Yeye na Didace wakapanda pikipiki, wakauliza mlango kwa mlango wiki tatu, bila malipo, na ikaonekana watoto sitini, kwa Januari ile ya uongo, wangehesabiwa wameshapita umri wa chanjo. Walichanjwa. Ndio hao wanaopiga kelele viti vya mbele, na hakuna atakayewanyamazisha.

Figo zilimsumbua tangu Februari 2024, akatuacha tarehe 9 Juni 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar, majirani waliotuchotea maji, na Bruno na wenzake waliofanya kazi na marehemu.

Nakaale, lala salama, umefanya kazi safi.

Nanyi kumi na tisa aliowafundisha kompyuta bure kila Jumamosi, sharti lilikuwa moja, kila mtu amfundishe mwingine, na waliotimiza ni wanne. Kumi na watano mliobaki tunawaona mlipokaa. Tunawadai. Jumamosi, saa tatu asubuhi, kila mmoja aje hapa na mwanafunzi wake.