Patrobas Opicho, Aliyeandika “Mathe”

Wazazi wetu, jamaa, majirani wa Mowlem, na nyote mliokuja na kaseti na vitabu vyake mikononi: tunayemuaga leo, Ijumaa tarehe 20 Agosti 1999, kabla ya safari ya kwenda kumlaza Kimilili, ni Patrobas Opicho Mukhwana, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chaki. Mimi ni dada yake mdogo, Selpher Nasike. Familia imeniomba nisome wasifu wake.

Patrobas alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika hospitali ya Pumwani, mtoto wa kwanza wa Mzee Elijah Mukhwana na Mama Rasoa Nekesa. Wakati huo wazazi wetu waliishi Mathare. Baba alikuwa kibarua wa kutafuta kazi kila asubuhi, na Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi. Mwaka 1982 Baba aliandikwa kazi ya kudumu katika kiwanda cha sabuni, nasi tukahamia Mowlem. Siku aliyoleta habari hiyo, Mama alipika chapati akagawia ploti nzima, wapangaji wa kila chumba. Naomba muikumbuke siku hiyo, kwa kuwa nitairudia.

Alianza masomo Mathare mwaka 1977 na kumalizia shule ya msingi Umoja, alikofanya mtihani wa CPE mwaka 1983. Huko ndiko alikopata jina lake. Alikuwa akiokota vipande vya chaki na kuandika mashairi kwenye ukuta wa nyuma ya vyoo, akimtania bawabu, uji wa saa nne, na hata mwalimu mkuu. Alipokamatwa, Mwalimu Salad, aliyefundisha Kiswahili, alimpa ndoo na brashi. Patrobas akainama kuanza kusugua. “Ngoja kwanza,” mwalimu akamwambia. Akatoa daftari, akanakili ukuta mzima mstari kwa mstari, huku akicheka peke yake. Alipomaliza akasema, “Haya, sasa futa.”

Baada ya sekondari ya kutwa huko Eastleigh, kuanzia mwaka 1984 hadi 1987, aliajiriwa katika kiwanda cha ndoo za plastiki. Alifanya kazi hiyo miaka sita. Jumapili alasiri alipanda jukwaani kuimba na kusimulia visa katika kumbi za mitaa, Umoja, Kaloleni na Pumwani, na watu wakaanza kumfuata. Kaseti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1994, na mwaka huohuo akaacha kiwanda.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Triza Mbeti, msusi wa Umoja, aliyemwambia siku ya kwanza walipokutana, “Unaimba haraka hivyo, unakimbizwa na nani?” Walijaliwa binti mmoja, Marion, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1997.

Kitabu chake cha kwanza, “Bomba Moja, Ploti Nzima”, alikichapisha mwenyewe mwaka 1996. Kilikuwa kisa cha foleni ya maji, na alikiandika kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, kama alivyozungumza. Mzee Mumin Dirie alikiuza katika duka lake la kaseti huko Eastleigh, na kikaisha baada ya wiki kumi. Viwandani, mmoja alisoma kwa sauti saa ya chakula na wenzake wakasikiliza. Nakala niliyoikuta kwa kinyozi wa Mowlem ilikuwa imepoteza jalada na kurasa nne, na bado watu waliipangia foleni.

Lakini mzazi mmoja aliandika barua gazetini kwamba kitabu hicho kiliharibu Kiswahili cha watoto, na kwamba mwandishi wake hakusoma. Patrobas aliikata barua ile akaiweka ndani ya Biblia yake. Ilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Naomba radhi, kuanzia hapa siwezi kuendelea kama msomaji tu.

Mwaka 1997 aliniletea kitabu chake cha pili chuoni, madaftari matano yaliyoandikwa kwa mkono. Kilikuwa kisa cha mama yetu, na kiliitwa “Mathe”. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea Kiswahili. Akaniambia, “Sista, we ndio umesoma. Ninyooshee hii kitu, wasinicheke tena.”

Nilikinyoosha. Nilifanya kazi hiyo kwa mapenzi, kwa kalamu nyekundu, miezi minne. Jina la kitabu, “Mathe”, nikaligeuza kuwa “Mama Mzazi”. “Buda” likawa “baba”. Patrobas alikuwa ameandika hivi: “Hiyo siku buda aliangukia, mathe akapika chapo za ploti nzima.” Kila mtoto wa mitaa yetu hii ya Eastlands anajua kwamba aliyeangukia amebahatika. Mimi pia nilijua, nililelewa hapa. Lakini niliona kitenzi cha kutendea kisicho na shamirisho, nikakisahihisha kama nilivyofundishwa. Kitabu kikatoka mwezi wa Machi 1998 kikisema: “Siku hiyo baba alianguka. Mama akapika chapati za kuwagawia majirani wote.”

Wiki ya pili majirani walianza kuja kumpa Mama pole. Mmoja alimuuliza waziwazi, “Lakini Mama Patro, mzee anaanguka na wewe unasukuma chapati?” Baba akatoka chumbani na taulo begani. “Nimeanguka wapi?” akauliza. “Na nani alinisukuma?”

Tulicheka siku hiyo. Mama hakucheka. Hajui kusoma, na alikuwa amengoja mwaka mzima kusomewa kitabu chake. Ukurasa huo ulipofika alisema, “Huyu si mimi,” akarudi kwenye cherehani.

Wasomaji walisema vivyo hivyo. Mzee Mumin alimpigia Patrobas simu. “Ndugu yangu, wanarudisha,” akamwambia. “Wananiuliza kama umeokoka ama umefungwa. Kijana mmoja anasema hiki kitabu kimeandikwa na hedimasta.” Niliposikia hayo nilisema wasomaji hawajazoea lugha safi. Patrobas hakunigombeza. Alisema tu, “Sista, umekipiga pasi vizuri. Ni vile kimeungua.” Tangu siku hiyo, aliyemletea “Mama Mzazi” akitaka sahihi yake alijibiwa, “Hiyo mpelekee sista.” Hakuandika kitabu kingine.

Januari mwaka huu sauti yake ilianza kukwaruza. Mwezi wa Aprili madaktari wakaona uvimbe kooni, na tarehe 8 Juni alifanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti kabisa. Jambo la kwanza alilotuandikia kwenye karatasi lilikuwa salamu kwa Marion. La pili lilikuwa langu: “Nirudishie mathe. Leta yale madaftari.”

Madaftari hayakuwepo. Nilipohama bweni baada ya kuhitimu niliyatupa, nikidhani kwa kuwa kitabu kimechapwa, kazi yake imekwisha. Ilinibidi nimwambie hivyo akiwa amelala pale kitandani. Akavuta karatasi, akaandika: “Basi leta kitabu chako. Na ile kalamu nyekundu.”

Kila alasiri nilimshikia kitabu naye akaandika juu ya mistari yangu, akikumbuka maneno yake moja moja. Mara nyingine alikumbuka haraka na mabega yake yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Mara nyingine neno lilikataa kuja, akafunga macho, akaliruka. Kitabu kina kurasa 112. Tulifika ukurasa wa 41. Patrobas alifariki Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Mwalimu Salad alinakili kabla ya kufuta. Mimi nilifuta bila kunakili.

Ndiyo maana nina ombi. Kabla hajaandika “Mathe”, Patrobas alikisimulia kisa hicho jukwaani katika ukumbi wa Umoja, Jumapili nyingi za mwaka 1996. Wengi wenu mlikuwepo. Baada ya ibada nitakaa kwenye meza ya mlangoni na daftari tupu. Anayekumbuka hata mstari mmoja, aje auseme kama Chaki alivyousema. Nitauandika ulivyo.

Ameacha mjane, Triza Mbeti, binti, Marion, wazazi, Mzee Elijah Mukhwana na Mama Rasoa Nekesa, nami dada yake, pamoja na mitaa yote iliyomsoma kwa sauti saa ya chakula.

Jana jioni nilimsomea Mama zile kurasa 41, zenye wino mwekundu wa mwanawe. Tulipofika kwenye siku ile ya chapati alinishika mkono. “Rudia hapo,” akasema. Nikarudia. “Eeh,” akasema. “Huyo ndiye mimi.”

Buda aliangukia, kaka. Mathe akapika chapo. Lala kwa amani.